Meno ya Maji ya Chai

Nikiwa darasa la sita nilikuwa na dawa yangu ya meno ya siri. Nilitwanga mkaa, nikauchanganya na mchanga laini wa korongoni, nikauficha kwenye kopo nyuma ya banda la mbuzi. Alfajiri, kabla wenzangu hawajaamka, nilisugua mpaka fizi zikachuruzika damu. Rangi haikubanduka. Meno yangu ya mbele yalikuwa ya kahawia kama kikombe kilicholala na chai, na mawili yalikuwa na vishimo vidogo utadhani yameliwa na dumuzi.

Kwetu ni Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Nyumbani hapakuwa na wa kunishangaa, maana watoto wote tulifanana. Shida ilianza alipokuja mwalimu mgeni kutoka pwani. Jumatatu yake ya kwanza alisimamia ukaguzi wa usafi pale mstarini: kucha, nywele, meno. Kila aliyefungua kinywa alichapwa mbili za mkononi kwa kutopiga mswaki. Alipofika mtoto wa kumi na ngapi sijui, mkono ukamchoka, akaenda ofisini kuuliza. Hakurudi kutuomba radhi, ila hakukagua meno tena. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari, kwa hiyo zangu nilizipata.

Halafu nikaenda sekondari ya bweni, Iringa. Huko hakuna aliyenichapa. Msichana wa kitanda cha juu, mpole kabisa, alinipa dawa yake ya meno ambayo haijafunguliwa akasema, "Chukua tu, mimi ninayo nyingine." Hiyo iliniuma kuliko fimbo. Kuanzia siku ile nikawa mtu wa kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja, tabia iliyonifuata mpaka Marekani.

Nilifika Minnesota nina miaka 22, nikapata kazi ambayo Waafrika wengi wa Mashariki huku huianzia: kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya usiku. Kuwageuza, kuwaogesha, kuosha meno yao ya bandia na kuyalaza kwenye vikombe vyenye majina. Palikuwa na bibi mmoja, zamani mwalimu, ambaye alikataa chakula wiki nzima. Wote tulisema ni uzee. Usiku mmoja nikamwomba afungue kinywa nimtazame kwa tochi ya simu. Chakula cha juzi kilikuwa kimegandamana kwenye fizi, fizi zimevimba na kugeuka zambarau. Nilimsafisha taratibu kwa mswaki laini na maji ya vuguvugu, usiku ule na usiku uliofuata. Siku ya tatu alimaliza bakuli la uji. Nikauliza huku ni nani anayesomea kazi hii, nikaambiwa kuna shahada yake kabisa chuo kikuu, ya usafi wa kinywa na meno.

Nilipompigia shangazi kumpa habari, alinyamaza kidogo, akauliza, "Umevuka bahari kwenda kusomea kupiga watu mswaki?" Familia nzima ilicheka kwenye simu. Sikuwa na jibu wakati ule. Baadaye nilijifunza kwamba kazi yenyewe ilianza hivyohivyo: mwaka 1913 daktari wa meno Alfred Fones wa mji wa Bridgeport, Connecticut, alifungua shule ya kuwafundisha wanawake kusafisha meno na kuelimisha, na wahitimu wake wakaenda kwenye shule za mji ule kusafisha meno ya watoto. Msaidizi wake, Irene Newman, ndiye wa kwanza kupewa leseni, mwaka 1917. Kwa hiyo shangazi hakukosea sana.

Kuingia kwenyewe kulinichukua miaka miwili ya masomo ya awali: anatomia, kemia, mikrobiolojia, huku nikiendelea na zamu za usiku. Hayo sitayasimulia, anayeyajua anayajua. Kazi ilianza hasa tulipowekwa mbele ya kichwa cha bandia, kimefungwa kwenye kiti, kina meno 32 ya plastiki na mashavu ya mpira.

Nilidhani mikono yangu ni hodari. Mimi nimesuka nywele tangu utotoni, nimechambua mchele gizani. Lakini mle mdomoni unatazama kwa kioo kidogo, na kioo kinageuza kila kitu. Ukitaka kwenda mbele mkono unarudi nyuma. Kidole cha pete lazima kitulie juu ya jino la jirani, kiwe nguzo, ili chombo kisiteleze kikamkata mtu. Wewe mwenyewe unakaa ukizunguka kichwa cha mgonjwa kama mshale wa saa: hapa saa tisa, pale saa kumi na moja. (Mara ya kwanza mwalimu aliposema "nenda saa tisa" nilikwenda kwa saa za Kiswahili, nikajikuta upande wa pili wa mgonjwa. Hakuna aliyeelewa kwa nini nacheka peke yangu.) Vyombo vina namba, 1/2, 11/12, 13/14, na kila kimoja kimekunjwa kwa ajili ya upande mmoja wa jino fulani na si kwingine.

Kitu pekee nilichowazidi wenzangu ni kunoa. Tulifundishwa kunoa vyombo kwa jiwe na mafuta, tukisikiliza sauti. Mimi nilikulia kwenye sauti hiyo. Mtaani kwetu alipita mnoa visu na baiskeli yake, anaipandisha kwenye stendi, anapiga pedali jiwe linazunguka, nasi watoto tunabishana kisu cha nani kimeshakuwa tayari kwa kusikia tu mlio. Wenzangu walinoa kwa kutazama. Mimi nilifumba macho.

Muhula wa pili tukaanza kutendeana sisi kwa sisi kabla ya kupewa wagonjwa. Ndiyo, hata ganzi: mwenzako anakuchoma sindano mdomoni kwa mara yake ya kwanza, kisha wewe unamchoma yeye, na urafiki unaendelea. Sindano sikuiogopa. Niliogopa kulala kwenye kile kiti chini ya taa na kufungua kinywa.

Mwenzangu alikuwa msichana wa Kimarekani kutoka shambani, mnyamavu. Aliandika, akapima, akafika meno ya mbele, akasita. Akamwita mwalimu. Mwalimu akainama, akashusha barakoa yake kidogo, akasema jambo ambalo bado nalisikia: "Unaruhusu darasa lije kuona?"

Nilitaka kukataa. Sijui kwa nini nilitikisa kichwa kukubali. Wakaja kumi na kitu, wakajipanga pembeni mwa kiti, nami nimelala pale kinywa wazi kama Jumatatu ile mstarini. Nikasubiri fimbo.

Mwalimu hakutaja uchafu hata mara moja. Alisema hii ni florosisi, yaani jino lilipokuwa likijengwa ndani ya taya, mtoto akinywa maji yenye madini ya floraidi kwa wingi, enameli, lile ganda gumu la nje la jino, ilijengwa na vitundu visivyoonekana, na baadaye vitundu hivyo vikanyonya rangi. Kinachoonekana hakiko juu ya jino, kimo ndani yake. Hakuna mswaki wala mkaa wa kukitoa. Dirisha la hatari ni tangu kuzaliwa mpaka kama miaka minane. Kwa maana nyingine, nilipokuwa nasugua nyuma ya banda la mbuzi, kazi ilikuwa imeshaisha zamani.

Kisha akawapa darasa historia, na mimi nikaipata nikiwa chali. Mwaka 1901 daktari kijana, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Hata wao waliambiwa kila namna: ni chakula, ni maziwa, ni uchafu. McKay alihangaika miaka 30. Alichogundua njiani ni kwamba meno yale, pamoja na ubaya wake machoni, yalitoboka kwa nadra. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill akapima maji akakuta floraidi. Daktari wa meno Trendley Dean akafanya hesabu ya kiasi gani kinaharibu na kiasi gani kinalinda, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kidogo kwenye maji ya bomba. Mwaka 2015 Marekani ilipendekeza kiwango cha miligramu 0.7 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa 1.5. Maji ya kwetu, yanayotoka kwenye mawe ya volkano, yanavuka hapo mara kadhaa.

Yaani ile vanishi ya floraidi tunayowapaka watoto wa Minnesota ili wasitobolewe meno ilianzia kwa watu wenye meno kama yangu. Nilitoka kwenye kiti nikaenda chooni nikajitazama kwenye kioo. Sikulia, kama unasubiri hilo. Nilikasirika. Nilimkasirikia yule mwalimu wa ukaguzi, nikalikasirikia kopo langu, nikawakasirikia watu wazima wote waliojua jina la mto wetu, Maji ya Chai, wasiulize mto una nini.

Ungetegemea baada ya siku hiyo niwe mwalimu mzuri kwa wagonjwa. Sikuwa. Nikawa na gonjwa jingine: upole wa kijinga. Kwa kuogopa kumwumiza au kumwaibisha mtu, mkono wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayepapasa mtoto aliyelala. Ukoga uliokauka kwenye shina la jino huwa mgumu kama simenti. Unaingiza chombo chini ya ufizi, unakipa pembe ya nyuzi 70 hadi 80, unashika kwa nguvu na kuung'oa kwa mvuto mmoja mfupi. Ukibembeleza, hautoki. Unasuguliwa tu, unakuwa laini, hata kidole cha mwalimu kinaweza kudanganyika, na bakteria wanabaki chini wakiendelea na kazi yao.

Mgonjwa wangu wa mtihani wa muhula wa tatu, mzee dereva wa malori, nilimfanyia saa tatu nzima. Alisinzia. Nikajisifu moyoni. Mwalimu akapitisha kichokonozi chake nyuma ya magego, akasimama, akapitisha tena, akaniambia, "Umeupiga msasa." Nikafeli. Akaongeza kwamba mzee yule amelala kwa raha na atarudi nyumbani na ugonjwa uleule aliokuja nao. Nilimchukia siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kukaa kliniki jioni na kichwa cha bandia, nimekipaka rangi ya kucha kwenye mashina ya meno, naing'oa chembe kwa chembe, mpaka kidole cha pete kikaota sugu ambayo ninayo hadi leo.

Jambo jingine ambalo hakuna anayekuambia kabla ya kujiunga: wagonjwa unatafuta mwenyewe. Chuo kinataka idadi fulani, wa aina fulani, wenye ukoga mwingi, wenye mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya jino na ufizi, yenye kina cha milimita nne, tano, sita. Mwenye afya anapima moja hadi tatu, na mtu huyo hana faida kwako. Kila jino linapimwa sehemu sita, kwa hiyo mwenye meno yote 32 ana namba 192 za kuandika kabla hujagusa ukoga. Nikawa naingia kwenye kundi la Watanzania la WhatsApp naomba wenye meno machafu wajitokeze. Fikiria. Mchungaji alitangaza kwa niaba yangu kanisani kwa lugha ya staha sana, "wenye uhitaji wa huduma ya kinywa," akaja mtu mmoja, mke wake, mwenye fizi safi kama za mtoto.

Aliyeniokoa alikuwa mama wa Kisomali aliyeletwa na jirani yangu. Alikaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, miaka mingi, Kiswahili alikitoa huko. "Wewe ni wa Tanzania? Kiswahili yenu ngumu, mwanangu," alisema akipanda kitini, "ongea pole pole." Kwenye mkoba wake palikuwa na kijiti cha mswaki, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye koti jeupe, nikaanza hotuba: mama, hiki ni cha zamani, chukua huu wa kisasa, nyuzi laini, dakika mbili asubuhi na jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Sasa tazama."

Nikampaka ile rangi inayoonyesha ukoga laini. Meno ya mbele, upande wa nje, hayakushika rangi hata kidogo. Wenzangu wote tulipopakana muhula wa kwanza, mimi nikiwemo, tulitoka tumechafuka zaidi yake. Rangi ilishika upande wa ndani, wa ulimi, na nyuma ya magego, ambako kijiti kilichonyooka hakifiki vizuri. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya kufanya naye tangu mwanzo, ya dakika tano. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshahimiza matumizi ya miti hiyo tangu mwaka 1986, nami nilikulia nchi ambayo neno mswaki lenyewe ni la mti kabla halijawa la plastiki. Nikamwomba radhi. Akanifundisha kutafuna ncha mpaka ichambuke, na kuikata kila baada ya siku chache. Nikamwonyesha jinsi ya kuikunja kidogo na kuipitisha kwa ndani. Miadi iliyobaki tukaipanga baada ya Ramadhani, kwa sababu hakutaka maji ya chombo yamshuke kooni akiwa amefunga, na hakuna sababu ya kitabibu ya kumharakisha.

Fizi zake zilikuwa na mifuko ya milimita sita. Ukoga wake niliung'oa sawasawa, kwa ganzi, bila kubembeleza. Ndiye aliyenivusha mwaka ule.

Mtihani wa taifa ulikuwa maswali 350 kwa siku moja, alama ya kufaulu ilikuwa 75. Wa vitendo nilifanya kwenye kichwa cha bandia, maana baada ya Uviko iliruhusiwa, na wale wa kabla yetu waliolazimika kuja na mgonjwa wa kweli na kumwomba Mungu asikwame kwenye theluji bado wanatuonea wivu. Nilifaulu. Sina la ziada hapo.

Desemba iliyofuata nilirudi nyumbani. Nilikuwa na miswaki mia mbili kwenye begi na maneno mengi kichwani, nikayapunguza kwenye ndege. Mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu, meno yake ya utoto meupe kabisa, akicheka unaona. Ya ukubwa yanajengwa sasa hivi ndani ya taya.

Nilimuuliza mama maji ya mtoto mnayatoa wapi. Akajibu kwa fahari kwamba wanachemsha, tena hawajawahi kuacha kuchemsha tangu mimi nazaliwa. Ilinibidi nikae chini. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki kwa moto, maji yakipungua yenyewe inabaki na kuzidi. Miaka yote mama alichoma kuni kutulinda. Nilimweleza polepole. Akauliza, "Basi tungefanya nini?" Nikamwambia habari ya maji ya mvua, na chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo linashika floraidi. Kituo kinachotafiti jambo hilo kipo Ngurdoto, hapohapo jirani yetu. Mkaa! Nilikuwa na dawa inayokaribia kuwa sahihi mkononi, nikaipaka mahali ambapo haikuwa na kazi.

Maji ya mvua aliyakubali siku hiyohiyo. Shemeji akafunga mfereji mpya kwenye bati, pipa likapata mfuniko, mama akaandika kwa chokaa MTOTO TU. Vita ilikuja kwenye magadi. Magadi ya kwetu nayo yana floraidi, na mama huyatia kwenye makande, kwenye maharage, kwenye mboga. Nikamwomba kwa chungu cha mtoto aache.

"Unajua magadi yanaokoa kuni kiasi gani?" aliuliza. Sikujua. Hilo halikuwa kwenye mtihani wa maswali 350.

Tukajaribu Jumamosi. Aliinjika makande saa tatu asubuhi bila magadi, mahindi na maharage yaliyolowekwa usiku kucha, kwa ushauri wangu. Shangazi alikuja kutazama, yule wa simu. Saa saba mchana mahindi yalikuwa bado yanagonga chungu. Mama akanitazama, akanipa mwiko, akaenda kulala.